Konrad Adenauer: Umeya wa Cologne uliomwandaa kuwa kansela

Wengi wanamfahamu Konrad Adenauer kama kansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, mzee aliyeitoa nchi yake kwenye vifusi vya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kisichojulikana sana ni kwamba alipokabidhiwa ukansela mwaka 1949 alikuwa na umri wa miaka 73, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilikuwa imepita katika halmashauri ya jiji moja tu: Cologne, au Köln kama Wajerumani wenyewe wanavyoliita. Aliingia katika utawala wa jiji hilo mwaka 1906 na akawa meya wake kuanzia 1917 hadi Wanazi walipomfukuza mwaka 1933.

Katika makala hii tunaifuata njia hiyo ya kazi. Tunaangalia namna ofisi ya jiji ilivyomfundisha kuongoza, alichokijenga, madeni aliyoyaacha, na namna alivyofukuzwa umeya mara mbili na watawala wa aina mbili tofauti kabisa.

Mtoto wa karani

Adenauer alizaliwa Cologne tarehe 5 Januari 1876 katika familia ya Kikatoliki yenye kipato cha wastani. Baba yake, askari wa zamani, alikuwa karani wa mahakama. Ili kuongeza kipato, familia ilipangisha sehemu ya nyumba waliyoishi. Fedha za kuwasomesha watoto wote wa kiume chuo kikuu hazikutosha, na Konrad alipomaliza shule alipelekwa kujifunza kazi katika benki. Alikaa huko kwa majuma mawili tu. Baba yake alifanikiwa kumtafutia ufadhili wa masomo, na kijana akaenda kusoma sheria katika miji ya Freiburg, Munich na Bonn.

Hakuwa mwanafunzi wa kung'ara. Mtihani wake wa mwisho wa sheria, mwaka 1901, aliufaulu kwa alama za kuridhisha tu. Alifanya kazi kwa muda katika ofisi ya mwendesha mashtaka, kisha akajiunga na ofisi ya wakili Hermann Kausen. Wakili huyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa madiwani wa chama cha Zentrum, chama cha Wakatoliki, katika baraza la jiji. Mwaka 1906 nafasi ya msaidizi wa meya ilipoachwa wazi, Kausen alikuwa akifikiria kumpendekeza mtu mwingine. Adenauer, aliyekuwa na miaka 30, alimwendea na kumuuliza kwa nini asimpendekeze yeye. Kausen alikubali, na madiwani wakamchagua.

Hapa inafaa tueleze jinsi miji ya mkoa wa Rhine ilivyoendeshwa wakati huo. Msomaji wa Tanzania amezoea kuona jiji likiwa na watu wawili wa juu: meya, ambaye ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake, na mkurugenzi, ambaye ni mtendaji aliyeteuliwa. Cologne ya enzi hizo iliziweka kazi hizo mbili mikononi mwa mtu mmoja. Meya aliongoza vikao vya baraza na wakati huohuo alikuwa mkuu wa watendaji wote wa jiji. Alichaguliwa na baraza kwa kipindi cha miaka 12. Wasaidizi wake nao walichaguliwa na baraza, lakini walikuwa watumishi wa kulipwa mshahara, kila mmoja akiwa na idara yake. Kwa hiyo utawala wa mji ulikuwa taaluma. Mtu aliweza kuanza na idara ya kodi, akahamia ya fedha, na hatimaye akawa meya bila kutoka nje ya jengo la manispaa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Adenauer. Alianza na masuala ya kodi, na mwaka 1909 akawa msaidizi wa kwanza wa meya, yaani mtu wa pili katika jiji. Bidii yake ilichangia, na undugu pia ulichangia. Mke wake, Emma Weyer, aliyemwoa mwaka 1904, alitoka katika familia yenye jina Cologne, na meya aliyechaguliwa mwaka 1907, Max Wallraf, alikuwa mjomba wa Emma. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo, kwa kuwa ni sehemu ya ukweli wa namna milango ya ofisi za umma ilivyofunguka wakati ule.

Mkate wa mahindi

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Adenauer alikabidhiwa kazi ya kuulisha mji. Uingereza ilikuwa imefunga njia za baharini, na chakula kilipungua mwezi hadi mwezi. Adenauer alinunua akiba mapema, akafunga mikataba na wakulima wa maeneo ya jirani, na akafungua majiko ya umma. Pamoja na waoka mikate wawili wa mjini aliandaa mkate uliotengenezwa kwa unga wa mahindi, shayiri na mchele badala ya nafaka zilizozoeleka, na mkate huo ulisajiliwa kwa hataza. Mahindi yalitoka Romania, na nchi hiyo ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1916, mkate huo nao ukawa adimu.

Hakuchoka. Alibuni soseji iliyochanganywa na unga wa soya ili kuziba pengo la nyama. Ofisi ya hataza ya Ujerumani iliikataa, ila Uingereza, adui wa vitani, ndiyo iliyoitambua, mwaka 1918. Watu wa Cologne hawakuvipenda sana vyakula hivyo, na walimpachika jina la utani la Graupenauer, kutokana na neno la Kijerumani la shayiri iliyokobolewa. Pamoja na dhihaka hiyo, watu walijua kwamba kulikuwa na ofisa mmoja aliyekuwa akihangaikia sahani zao, na sifa hiyo ilimfaa baadaye.

Miaka hiyohiyo ilimletea misiba. Emma alifariki mwaka 1916 na kumwachia watoto watatu. Mwezi Machi 1917 dereva wake alisinzia, na gari lao likagongana na tramu. Adenauer alivunjika mifupa ya uso, na makovu ya ajali hiyo ndiyo yaliyompa sura ngumu tunayoiona katika picha zake za uzeeni.

Alipokuwa bado akiuguza majeraha katika milima ya Msitu Mweusi, Wallraf aliitwa Berlin kushika wadhifa serikalini, na kiti cha meya kikabaki wazi. Wajumbe wa baraza walisafiri hadi alikolazwa. Rasmi walikwenda kumjulia hali. Shabaha yao hasa ilikuwa kujua kama akili yake ilikuwa imepona, na mazungumzo marefu juu ya mambo ya jiji yaliwaridhisha. Tarehe 18 Septemba 1917 baraza lilimchagua bila kura ya kumpinga. Akiwa na miaka 41, alikuwa kijana kuliko mameya wote wa miji mikubwa ya Prussia.

Mwaka mmoja baadaye ufalme wa Ujerumani ulianguka. Novemba 1918 askari na wafanyakazi walioasi waliingia Cologne na kuunda baraza lao. Adenauer, mtu wa kihafidhina asiyependa mapinduzi, hakuwatunishia misuli. Aliwapa vyumba katika jengo la manispaa, akashirikiana nao kulinda usalama na kuwapitisha askari waliokuwa wakirudi kutoka vitani. Kabla ya mwaka kwisha majeshi ya Uingereza yaliingia kuukalia mji, na yalibaki hadi 1926. Hivyo meya huyu alifanya kazi zake kubwa mjini mwake akiwa chini ya macho ya jeshi la kigeni.

Ngome zilizogeuka bustani

Cologne ilikuwa mji wa kijeshi. Ilizungukwa na ngome, na mbele ya ngome kulikuwa na maeneo mapana yaliyokatazwa kujengwa ili mizinga ipate nafasi ya kufyatua. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliilazimisha Ujerumani kuzibomoa ngome hizo. Ghafla ardhi kubwa, iliyokuwa imefungwa kwa miongo mingi, ilikuwa inafunguliwa karibu kabisa na mji uliojaa watu na wenye uhaba wa nyumba. Wenye viwanja walikuwa wakingoja kujenga na kuuza.

Adenauer alitambua kwamba nafasi hiyo ingekuwa ya muda mfupi na isingerudi. Alikwenda Berlin kushawishi ipitishwe sheria iliyoipa miji kama Cologne uwezo wa kuipanga upya ardhi hiyo na kuchukua sehemu yake kwa matumizi ya umma. Mwaka 1920 alimwazima mpangaji miji maarufu, Fritz Schumacher, kutoka Hamburg. Kwa muda wa miaka mitatu Schumacher alichora mpango wa kuuzungushia mji mikanda ya kijani, mmoja wa ndani na mwingine wa nje, yenye misitu, viwanja vya michezo, mabwawa na bustani za wananchi. Wenye mali walipinga. Wapo pia waliouliza kwa nini jiji lenye njaa lipande miti.

Jibu la Adenauer lilikuwa la kiofisa zaidi kuliko la kishairi. Maelfu ya watu walikuwa hawana kazi na jiji lilipaswa kuwasaidia kwa vyovyote vile, basi msaada huo na ulipwe kama ujira wa kuchimba, kusawazisha na kupanda. Kwa njia hiyohiyo ulijengwa uwanja wa michezo wa Müngersdorf, uliofunguliwa mwaka 1923. Wapenzi wa soka wanaufahamu uwanja huo kwa sura yake ya sasa: ndipo inapocheza timu ya 1. FC Köln, na mechi za Kombe la Dunia la mwaka 2006 zilichezwa hapo.

Orodha ya kazi zake ni ndefu. Chuo kikuu cha Cologne, kilichoanzishwa mwaka 1388 na kufungwa na Wafaransa mwaka 1798, kilifunguliwa tena mwaka 1919, gharama zake zikibebwa na jiji lenyewe. Mwaka 1924 yalifunguliwa majengo ya maonyesho ya biashara upande wa pili wa mto Rhine, katika eneo la Deutz. Bandari ya Niehl ilipanuliwa, na mwaka 1930 Henry Ford mwenyewe alifika kuweka jiwe la msingi la kiwanda chake cha magari, baada ya Cologne kuipata kampuni hiyo iliyokuwa na shughuli zake Berlin. Agosti 1932 ilifunguliwa barabara ya magari kati ya Cologne na Bonn, isiyokuwa na makutano, ambayo Adenauer alikuwa miongoni mwa walioipigania. Wanazi, waliotaka ionekane kwamba wao ndio waanzilishi wa barabara kuu za Ujerumani, waliishusha daraja barabara hiyo walipoingia madarakani.

Hesabu ya kura

Madaraka ya meya yalikuwa makubwa, lakini fedha zilipitishwa na baraza, na chama cha Adenauer hakikuwa na wingi wa viti wa kutosha kuamua peke yake. Kila mradi ulihitaji kutafutiwa kura. Mfano unaosimuliwa mno ni wa daraja la Mülheim. Jopo la wataalamu lilipendekeza daraja la upinde wa chuma. Adenauer alitaka daraja la kuning'inia kwa nyaya, kwa sababu aliliona linafaa zaidi mandhari ya mto na lingekipa kazi kiwanda cha nyaya kilichokuwa hapohapo Mülheim. Madiwani wengi walikuwa upande wa wataalamu.

Akawageukia Wakomunisti, wapinzani wake wakubwa. Inasimuliwa kwamba aliwasifia madaraja ya Leningrad, mji wa Lenin, na kuwafanya waone fahari kuwa na daraja la namna hiyo. Kura zao zilimpa ushindi. Daraja lilifunguliwa Oktoba 1929, na wakati huo lilikuwa daraja refu zaidi la aina hiyo barani Ulaya. Iwe alisema hivyo hasa au la, kisa hiki kinaeleza tabia yake. Alimjua kila diwani, alijua anachokitaka, na hakuingia kikaoni kabla ya kuhesabu kura.

Uhodari huo ulikuwa na upande wake wa pili. Walioketi naye walimwona mtu mwenye kiburi, anayeficha karata zake na anayechukua maamuzi kabla ya baraza kujadili. Mshahara wake mnono ulikuwa silaha ya wapinzani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alipoteza karibu mali yake yote binafsi kwa kucheza na hisa kwa fedha za mkopo, na akaokolewa kwa msaada wa wakuu wa benki. Mabaya zaidi yalikuwa madeni ya jiji. Miradi mingi ilijengwa kwa mikopo, na uchumi wa dunia ulipoporomoka baada ya 1929, Cologne ilijikuta ikihangaika kulipa. Kipindi chake cha pili, kilichoanza mwaka huohuo, alikipata kwa tofauti ndogo mno ya kura, wakati mara ya kwanza hakuna aliyempinga.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kulijua. Kati ya 1931 na 1933 Adenauer alikuwa makamu wa rais wa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani, jumuiya iliyodai Ujerumani irudishiwe makoloni iliyonyang'anywa baada ya vita. Makoloni hayo ni pamoja na Tanganyika, Rwanda na Burundi. Meya aliyetaka kila mkazi wa Cologne apate pa kupumzikia hakuona tatizo katika kuwatawala watu wa mbali kwa nguvu. Wanasiasa wengi wa Ujerumani wa wakati wake walifikiri hivyo, na yeye alikuwa mmoja wao.

Bendera juu ya daraja

Februari 1933 Adolf Hitler, aliyekuwa ametimiza majuma machache tu kama kansela, alikwenda Cologne kwa kampeni. Meya hakwenda kumpokea uwanja wa ndege. Hoja yake ilikuwa kwamba Hitler alikuja kama kiongozi wa chama na siyo kama mkuu wa serikali. Wafuasi wa Hitler walipotundika bendera za swastika kwenye daraja la Deutz, ambalo ni mali ya jiji, Adenauer aliamuru ziteremshwe. Alikubali zipeperushwe mbele ya jengo la maonyesho walilolikodi.

Ilikuwa hoja ya kiofisa: mali ya jiji haitumiki kwa matangazo ya chama. Wanazi waliielewa kama uasi. Baada ya uchaguzi wa madiwani wa tarehe 12 Machi aliarifiwa kwamba maisha yake yako hatarini, akaondoka kwenda Berlin. Siku hiyohiyo ya tarehe 13 alitangazwa kuondolewa, na akaunti yake ya benki ikazuiwa. Wengi waliokuwa wakimsalimia kwa heshima walianza kumkwepa. Miongoni mwa wachache waliomsaidia kwa fedha alikuwa Dannie Heineman, mfanyabiashara Myahudi Mmarekani. Kwa karibu mwaka mzima Adenauer alijificha katika monasteri ya Maria Laach, ambayo abate wake alikuwa mwanafunzi mwenzake wa zamani.

Hakuwa shujaa wa upinzani. Mwaka 1934, akidai malipo yake ya uzeeni, alimwandikia waziri wa mambo ya ndani barua akijitetea kwamba alipokuwa meya alikitendea haki chama cha Nazi. Alipoombwa kujiunga na mipango ya kumpindua Hitler, alijiweka kando. Alitaka kuishi na kuilinda familia yake, pamoja na mke wake wa pili, Gussie Zinsser, aliyemwoa mwaka 1919.

Hata hivyo hakuachwa. Baada ya jaribio la kumuua Hitler Julai 1944, alikamatwa na kuwekwa katika kambi iliyokuwa ndani ya majengo ya maonyesho ya Deutz. Ni majengo yaleyale aliyoyajenga yeye miaka 20 kabla. Wanazi walikuwa wameyageuza gereza na mahali pa kuwakusanyia Wayahudi, Wasinti na Waroma kabla ya kuwapeleka kwenye maangamizi. Mfungwa mmoja Mkomunisti aliyekuwa na kazi katika kambi hiyo aligundua kwamba jina la mzee huyo limo katika orodha ya kupelekwa Buchenwald, akasaidia atangazwe mgonjwa na kuhamishiwa hospitali. Kutoka hospitali alitoroka. Gestapo ilimkamata Gussie na kumtishia kuwafunga binti zake, naye akalazimika kusema mumewe yuko wapi. Adenauer alikamatwa tena na kufungwa Brauweiler hadi mwishoni mwa Novemba. Afya ya Gussie haikurejea kamwe. Alifariki mwaka 1948.

Miti ya mwaka 1945

Wamarekani walipoingia Cologne Machi 1945, mji wa zaidi ya watu 750,000 ulikuwa umebakiwa na watu wapatao 40,000 upande wa magharibi wa mto. Madaraja yote yalikuwa yamelala majini, likiwemo lile la Mülheim. Wamarekani walimtafuta Adenauer na kumrudisha katika umeya. Alikuwa na umri wa miaka 69. Moja ya hatua zake za mwanzo ilikuwa kutuma mabasi katika kambi za mateso, ikiwemo Buchenwald, kuwachukua watu wa Cologne waliosalia hai na kuwaleta nyumbani.

Mwezi Juni Waingereza walichukua usimamizi wa eneo hilo kutoka kwa Wamarekani. Baridi ilipokaribia na makaa ya mawe yakiwa hayatoshi, walimtaka meya akate miti ya ukanda wa kijani iwe kuni. Adenauer alikataa. Alisema kuni hizo zisingetosha hata kuupasha mji joto, na miti ingechukua kizazi kizima kuota upya. Aliwataka Waingereza watoe makaa ya mawe yaliyokuwa mikononi mwao. Mvutano ukaongezeka, na tarehe 6 Oktoba 1945 Brigedia John Barraclough alimwita ofisini na kumsomea barua ya kumfukuza kazi kwa kutoonyesha juhudi ya kutosha katika kusafisha vifusi na kuandaa makazi. Alikatazwa kujihusisha na siasa na kuingia mjini, isipokuwa kumtembelea mkewe hospitalini.

Tunaweza kuwaelewa Waingereza. Walikuwa na watu waliokaribia kuganda kwa baridi, na meya mzee aliyekuwa akibishana juu ya miti. Mtu anayelinda kitu cha miaka 50 ijayo mara nyingi huonekana hajali shida ya juma hili, na wakati mwingine lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Katika kisa hiki hesabu ya Adenauer ilikuwa na nguvu: bila makaa ya mawe mji usingevuka majira ya baridi, miti ikatwe au isikatwe.

Kufukuzwa huko kulimfungulia njia asiyoitarajia. Mara marufuku ilipolegezwa, meya asiye na mji alitumia muda wake wote kukijenga chama kipya cha CDU, kilichowaunganisha Wakatoliki na Waprotestanti. Machi 1946 alikuwa mwenyekiti wake katika eneo lote lililokaliwa na Waingereza. Mwaka 1948 aliongoza baraza lililoandika Sheria ya Msingi, yaani katiba ya Ujerumani Magharibi. Tarehe 15 Septemba 1949 bunge lilimchagua kansela kwa kura 202 kati ya 402, idadi ileile iliyohitajika bila hata moja ya ziada. Kura yake mwenyewe ilikuwamo. Alikaa madarakani hadi Oktoba 1963, na alifariki nyumbani kwake Rhöndorf tarehe 19 Aprili 1967, akiwa na miaka 91.

Funzo la halmashauri

Tukiutazama ukansela wake, tunaziona alama za jengo la manispaa. Meya aliyejifunza kufanya kazi akiwa chini ya jeshi la kigeni alikuwa kansela wa nchi iliyokaliwa, na aliirudishia uhuru hatua kwa hatua kwa kujadiliana. Aliyewatafuta Wakomunisti kwa ajili ya daraja aliweza kuongoza serikali za mseto. Na kasoro alizokuwa nazo zamani nazo zilimfuata: usiri, kung'ang'ania kiti, na kutowabagua watu kwa historia yao walipokuwa na manufaa kwake, hata akamfanya Hans Globke, ofisa aliyeandika ufafanuzi wa sheria za ubaguzi za Wanazi, kuwa mkuu wa ofisi yake.

Kwa anayefikiria kazi katika utawala wa mji, maisha haya yana mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba ngazi za chini zina maana. Adenauer alishughulika na kodi na mikate kwa miaka 11 kabla ya kuwa meya, na alipopata madaraka alijua kila shilingi ya jiji inatoka wapi na kila idara inakwama wapi. La pili ni kutambua wakati. Ardhi ya ngome ilikuwa wazi kwa miaka michache tu. Kama jiji lingesubiri hali ya fedha itengemae, leo pangekuwa na nyumba mfululizo, na hakuna meya ambaye angeweza kuzibomoa ili apande miti.

La tatu ni gumu zaidi: kazi ya meya hulipwa na watu wasiokuwapo kikaoni. Wakazi wa Cologne wa mwaka 1932 walirithi madeni, kodi na hasira, na hasira hiyo iliwasaidia waliomwondoa. Wakazi wa leo wamerithi mikanda ya kijani, chuo kikuu, uwanja wa Müngersdorf na bandari. Daraja la Mülheim lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1951. Ni rahisi kumsifu sasa, madeni yakiwa yamekwisha kusahaulika. Anayekaa leo katika kiti kama kile, iwe ni Ulaya au Afrika Mashariki, huku mwekezaji akisubiri jibu juu ya kiwanja cha wazi na wafanyakazi wa jiji wakidai mishahara, hana faida ya kuitazama kazi yake baada ya miaka 100. Analazimika kuamua kabla kikao hakijafungwa, akijua kwamba ardhi ya umma ikishatoka mikononi mwa jiji, ni nadra sana kurudi.